Dada Amekaukwa na Sauti

Katika nyumba ya Mnadi hakuna aliyezungumza. Wote walipiga kelele. Baba alikuwa mnadi wa vyombo na mitumba katika soko kuu, kazi ya kusimama juu ya meza kutwa nzima na kipaza sauti mkononi, akizisifia sufuria kana kwamba amezizaa mwenyewe. Mama alisimama chini ya meza akipokea pesa na kumjibu Baba kwa sauti ileile. Bibi, mama yake Baba, alikuwa hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo kila neno nyumbani lilisemwa mara mbili, la pili kali kuliko la kwanza. Na Dada, aliyemaliza shule mwaka uliopita, alikuwa akipokezana na Baba kunadi. Sauti yake ilikuwa tamu, ilifika hadi kwa wauza samaki, na Baba alijivunia sauti hiyo kuliko meza yake.

Mtoto wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Walimwita Maswali kwa sababu aliuliza sana. Jina hilo halikuwa sifa. Katika nyumba ambayo kila mtu anasema, anayeuliza huonekana msumbufu.

Jumanne moja asubuhi, Maswali alikuwa akitafuta soksi yake ya pili huku Baba akiuliza nani amehamisha betri, Mama akifunga furushi la mapazia kwa goti, na Bibi akitaka kujua kwa nini chai haina sukari.

“Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama,” Dada alisema, akitoka chumbani.

Wote wakageuka. Ile haikuwa sauti ya Dada. Ilikuwa inakwaruza kama mlango wenye bawaba mbovu.

“Marahaba!” Baba akaangua kicheko. “Amekaukwa! Mmemsikia? Karibu chamani, mwanangu. Sasa wewe ni mnadi kamili.”

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa kosa la kwao hasa. Seremala hujipiga nyundo kidoleni, mpishi huungua mkono, na mnadi hukaukwa na sauti. Nyumba ile ilikuwa imeshakaukwa mara nyingi mno, na kila mtu alikuwa daktari.

“Tangawizi,” Bibi akasema. “Ya moto, isiyo na sukari.”

“Maji ya chumvi, asukutue,” Mama akasema.

“Karafuu, aitafune polepole,” Baba akasema. “Mimi mwaka ule nilinadi kwa ishara, na magodoro yote yakaisha.”

Dada alitabasamu kidogo. Alijimiminia chai, akanywa funda moja, akafumba macho wakati wa kumeza, kisha akakisukuma kikombe mbali. Maswali alimwona. Aliona pia kwamba Dada amejifunga kitambaa shingoni, na jua lilikuwa tayari linachoma bati. Katika weupe wa jicho lake la kushoto kulikuwa na vidoa vyekundu.

“Lakini jana ilikuwa Jumatatu,” Maswali akasema.

“Na leo ni Jumanne,” Baba akajibu. “Shule inafundisha kweli.”

“Jumatatu hakuna mnada, Baba. Dada hakunadi hata kijiko. Sasa amekaukwa na nini?”

“Maswali, utachelewa!” wakasema wote watatu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile walikubaliana.

Alienda shule kwa soksi moja, akiwa amekasirika.

Jioni aliwakuta Bibi amesinzia na Dada yuko bombani uani, anafua. Baba na Mama walikuwa bado sokoni. Maswali alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamtazama. Dada aliinama kukamua shuka, akayumba, akashika ukuta. Kitambaa kilikuwa kimelowa, akakifungua. Maswali alitazama shingo yake kwa hofu, akitarajia kuona kidonda. Hakukuwa na kidonda. Hakukuwa na kitu, ila wekundu mdogo chini ya sikio, ambao mtu angedhani ni kuumwa na mbu.

“Nani amekufanya nini?” Maswali akauliza.

“Hakuna.”

“Kichwa kinakuuma?”

“Kidogo.”

“Kumeza je?”

“Unauliza kama askari!” Dada akajaribu kucheka, akakohoa. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale penye maji, na macho yakamjaa machozi. “Fundi alinishika shingo.”

Fundi ni Fundi Simu, kijana aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu jirani na meza ya Baba. Nyumba nzima ilimpenda. Alikitengeneza kipaza sauti cha Baba bure kila kilipokoroma, alimsalimia Bibi kwa kupiga goti, na Jumapili ile wazee wake walikuwa waje kuleta posa.

“Alikushikaje?”

“Tulibishana. Alisema nilicheka mno na mteja. Akanikaba. Nikaona giza, na nilipozinduka nilikuwa nimekaa chini. Yeye mwenyewe alilia, Maswali. Aliniletea maji, akaapa hatarudia.”

“Amekupiga!”

“Hajanipiga. Hata kofi hajanipiga. Tazama mwenyewe, kuna alama hapa?” Dada alimshika mkono. “Niahidi hutasema. Baba atamfanyia jambo, halafu atakayefungwa ni Baba. Na posa itakuwaje? Niahidi.”

Maswali aliahidi. Aliahidi kwa sababu Dada alikuwa akilia bila sauti, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akamalizia yeye kukamua zile shuka, akizinyonga kwa hasira mpaka vidole vikamuuma.

Ahadi ile ilidumu hadi Jumatano asubuhi. Ahadi ni deni, alikuwa amefundishwa hivyo tangu chekechea, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini anayemdai deni hilo akiwa anaumwa. Usiku kucha alikuwa amemsikia Dada akihema kwa shida, na kulipokucha sauti ilikuwa imebaki mnong’ono. Uji ulimpalia. Baba akasema, “Ongeza karafuu,” akatoka na mafurushi.

Maswali akaenda kwa Bibi kwanza. Alisogea karibu na sikio zima, akasema wazi, “Bibi, Fundi Simu alimkaba Dada shingo mpaka akaona giza.”

Bibi alisikia vizuri. Alitikisa kichwa. “Wapendanao hawakosi kugombana, mjukuu wangu. Vikombe vikikaa pamoja hugongana. Babu yako na mimi...” Akaanza hadithi ya babu, ambayo Maswali aliijua tangu mwanzo hadi mwisho, na ambayo haikuwa na shingo ya mtu ndani yake.

Akamfuata Mama mlangoni. Mama alikuwa na furushi kichwani na jingine kwapani.

“Mama, Fundi Simu alimkaba Dada.”

“Alimkaba vipi?”

“Shingo. Akaanguka.”

Mama alisita. Kwa kweli alisita, na Maswali akamwona amesita, akapata matumaini. Kisha furushi likaanza kuteleza. “Vijana siku hizi wana michezo ya kijinga,” Mama akasema akilirekebisha. “Nitamwambia aache. Tutaongea baadaye, mama. Kimbia shule.”

Michezo! Maswali alitaka kulia, alitaka kupiga mlango teke, alitaka kumtikisa mtu mzima mmoja, yeyote yule, mpaka akili imrudie. Kama angesema kwamba sufuria moja imeibwa, wangesimama wote na kuita majirani. Alisema dada yake amekabwa, wakamwambia kimbia shule. Sasa afanyeje, awaandikie ubaoni?

Shuleni hakuelewa hata neno. Kengele ya mwisho ilipolia hakwenda nyumbani. Alikimbia moja kwa moja hadi sokoni.

Mnada ulikuwa umepamba moto. Baba alikuwa juu ya meza, jasho linamtiririka, kipaza sauti mdomoni. “Sufuria hii, akina mama! Ukiipikia maharage asubuhi, jirani anakuja mwenyewe kuomba msamaha!” Watu walicheka. Dada alisimama pembeni yake akiinua bidhaa, maana Baba alisema kama sauti haipo, mikono ipo.

“Baba!” Maswali aliita kutoka chini.

“Nani anaanza? Usinitazame tu, mzee, sufuria haiumi!”

“Baba! Baba!”

Baba alimpungia mkono kama mtu anayefukuza inzi, akaendelea.

Hapo Dada akainua sufuria kubwa, mikono ikalegea. Sufuria ikaanguka juu ya meza kwa kishindo, na Dada akakaa chini polepole, mkono shingoni. Alikuwa akihema kwa kinywa. Kabla Mama hajamfikia, Fundi Simu alikuwa ameshatoka kibandani kwake na chupa ya maji.

“Amechoka tu, Mama,” akasema kwa upole, akimshika Dada bega. “Jua kali. Nyie endeleeni na kazi, nitamrudisha nyumbani mimi.”

“Mungu akubariki, mwanangu,” Mama akasema.

“Huyo ndiye kijana,” Baba akatangaza kwenye kipaza sauti, na wateja wakaitikia.

Maswali alimtazama Dada. Bega lile lililoshikwa lilikuwa limejikunja. Fundi Simu akaanza kumwinua.

Maswali hakufikiri. Alipanda juu ya meza, akakanyaga sahani, akamnyang’anya Baba kipaza sauti, akakizima. Watu walidhani ni sehemu ya mnada, wengine wakapiga makofi.

“Shuka!” Baba akanguruma.

“Sishuki. Dada asiende na huyu.”

“Nimesema shuka!”

“Na mimi nimesema!” Sauti ya Maswali ilitetemeka, lakini haikukatika. “Nimemwambia Bibi. Nimemwambia Mama. Wewe nimekuita hapa mpaka nimechoka. Huyu alimkaba Dada shingo Jumatatu mpaka akazirai. Hakukaukwa na kunadi, Baba. Jumatatu hakuna mnada! Umewahi wewe kukaukwa siku ya kupumzika?”

Baba akaanza kuhesabu moyoni. Kazi yake aliijua. Alikuwa amekaukwa baada ya minada ya siku tatu, baada ya sikukuu, baada ya kubishana na wenye malori. Hajawahi, hata mara moja, kukaukwa akiwa amelala nyumbani. Jambo hili alikuwa ameambiwa jana, kwa maneno hayahaya, akalifanyia mzaha.

Fundi Simu akacheka. “Ah, Mzee! Ulikuwa utani tu baina yetu. Sijampiga hata siku moja. Muulizeni mwenyewe.”

Wote wakamgeukia Dada. Alijaribu kusema. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Basi akafanya alichoweza: aliutoa mkono wa Fundi Simu begani kwake, akausogeza kando, akamshika Mama gauni kama mtoto anayejifunza kutembea.

Baba aliruka kutoka mezani na fimbo ya kuningʼinizia mapazia.

“Mwache!” Mama alipiga ukelele ambao haukuhitaji kipaza sauti. “Huyo ana siku yake! Mtoto kwanza! Teksi! Pisheni njia, nasema pisheni!”

Soko zima likapisha. Kelele za nyumba ile, kwa mara hiyo moja, zilikuwa na faida.

Hospitalini aliwapokea muuguzi mnene, mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi. Alipoambiwa shingo, hakuuliza ilikuwa utani au hasira. Aliita daktari hapohapo, akamketisha Dada kwenye kiti cha magurudumu, akawatoa wote nje ili aongee naye peke yake. Baba aliketi kwenye benchi la ukumbini, mikono ikining’inia katikati ya magoti.

Bibi alifika na chupa ya tangawizi.

“Shikamoo, mama yangu,” muuguzi akamwambia aliporudi, “tangawizi hii kunywa wewe. Koo la mjukuu wako limevimba kwa ndani. Daktari anampima, na atalazwa tumwangalie. Mngeendelea kumtibu nyumbani, sijui tungekuwa tunaongea nini sasa.”

“Lakini hana alama,” Mama akasema kwa sauti ndogo. “Kijana anasema hakumpiga.”

Muuguzi alivua miwani. Alionekana kama mtu aliyechoka kurudia jambo moja miaka na miaka.

“Kila mara naambiwa hivyo. Hakumpiga, alimshika tu. Nisikilizeni, na wewe mtoto sikiliza, maana naona ndiwe mwenye masikio hapa. Shingoni panapita hewa, na panapita damu inayokwenda kwenye ubongo. Ukipabana, hata kwa muda mfupi tu, unaweza kumuua mtu, na mara nyingi ngozi ya nje haionyeshi chochote. Madhara yanaweza kuanza baada ya saa, au baada ya siku. Sauti kukauka, kumeza kwa shida, kuhema vibaya, kichwa kuuma, kizunguzungu, vidoa vyekundu machoni. Ukiona hata kimojawapo baada ya mtu kushikwa shingo, mlete hospitali. Na hata usipoona kitu, mlete. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

“Yeye anasema ulikuwa utani,” Baba akasema.

“Hakuna utani wa shingo, Mzee. Si kwa wachumba, si kwa mume na mke, si kwa watoto uwanjani wanaojaribiana nguvu. Na anayemkaba mpenzi wake leo, kesho ni hatari zaidi. Machozi yake hayapunguzi hatari hiyo. Hili ni kosa la jinai. Binti yenu ameniambia yote, na amekubali polisi waitwe.”

Askari wa kike alikuja, akaandika maelezo ya Dada kwa mnong’ono wake, kisha ya Maswali. Kabla ya jua kuzama Fundi Simu alikuwa amechukuliwa.

Dada alilazwa siku kadhaa. Alikatazwa kusema, lakini Maswali alipoingia wodini alimgeuzia mgongo, akatazama ukuta. Maswali alikaa na kuitazama shuka ya hospitali. Alijua angefanya vilevile tena, lakini mgongo ule ulimuumiza moyo.

Jumapili wazee wa Fundi Simu walikuja kweli, ila posa iligeuka maombi. Waliketi sebuleni, watatu, kofia magotini, na msemaji wao akaanza kwa mbali, akazunguka, akafika. “Tumekuja tuyamalize kifamilia. Kijana alighafilika. Wala hakumpiga binti. Hana hata alama.”

Bibi, aliyekuwa amesikia mengi wiki ile kwa sikio lake moja, akaguna. “Tuliposema ni ugomvi wa kawaida tulikosea. Msirudie kosa letu.”

Baba alijibu kwa sauti ya chini, na wageni wakalazimika kumwinamia ili wamsikie. “Jambo hili liko polisi na litaenda mahakamani. Halimalizwi hapa.”

“Basi tumsikie binti mwenyewe,” mzee akasema. “Huenda ameshasamehe.”

Dada alikuwa amerudi nyumbani jana yake. Alitokea mlangoni, amekonda kidogo, shingo wazi. “Niliona giza, wazee wangu,” akasema. Sauti ilikuwa bado inakwaruza, lakini ilikuwa imerudi. “Nilikuwa nafikiri ninakufa. Posa siitaki, na kesi siifuti.”

Wageni wakaaga. Baba akawasindikiza hadi njiani, kama adabu inavyotaka, akarudi akajitupa kitini.

Dada akaenda kukaa mkekani karibu na Maswali. “Ulivunja ahadi,” akasema.

“Ndiyo.”

“Nilikuchukia siku mbili nzima.” Akavuta pumzi. “Muuguzi alisema ningeenda na Fundi ile siku, huenda nisingerudi. Sogea basi, umekalia mkeka wote.”

Maswali akasogea. Mama alikuwa amesimama kizingitini na trei ya vikombe ambavyo wageni hawakuvigusa. Aliiweka chini, akapiga magoti mbele ya binti zake wawili.

“Niwaambie jambo, na mlishike,” akasema. “Anayekushika shingo hakupendi kwa wakati ule, hata akilia baadaye mpaka alowe. Siri ya mtu aliyeumizwa usiitunze hata kama umeapa. Sema kwa mzazi. Mzazi asiposikia, mwambie mwalimu, mwambie muuguzi, mwambie jirani, mwambie polisi. Usichoke mpaka mmoja asimame.” Akamgeukia Maswali. “Na sisi wakubwa, mtoto akisema, tuliweke furushi chini. Wewe uliniambia pale mlangoni, Maswali. Nilikusikia vizuri kabisa, nikaona kazi ni kubwa kuliko maneno yako. Nisamehe, mwanangu.”

Maswali alimtazama Mama. Wiki nzima alikuwa amesubiri mtu aseme hivyo.

“Nimekusamehe, Mama,” akasema. “Lakini bado nimekasirika.”

“Kasirika, mwanangu,” Mama akasema, akimvuta kifuani. “Una haki.”